Kuficha si kufunga: makaratasi ya familia yako wazi kwenye simu

LUBUMBASHI – Kwenye vibanda vya fotokopi karibu na soko la Kenya, kazi ni ileile kutwa. Baba anafika na simu, anaomba picha ya kadi yake ya mpiga kura itolewe kwenye karatasi. Kijana wa kibanda anaunganisha waya, anakopi picha, anachapa, analipwa franka zake. Baba anaondoka, picha inabaki kwenye mashini. Inabaki pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu mwingine, karatasi ya parsele ya mteja wa jana na diploma ya Leta ya dada wa juzi.

Kijana huyo si mwizi. Ana watu wanaongoja mlangoni, na delestaje inaweza kuingia saa yoyote. Ubaya uko kwenye mazoea: mji mzima umetoa makaratasi yake kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, ukayatia kwenye simu na flashi, kufuli ikabaki kwenye sanduku.

Na watu hawakufanya hivyo kwa uvivu. Kadi za mpiga kura zilizotolewa 2023 zilianza kufutika maandishi mikononi mwa wenyewe, na katika nchi hii kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi. Aliyeona jina lake linapotea aliipiga picha haraka. Kwa walioikimbia Mitwaba, Manono na Pweto miaka ya Bakata Katanga, na kwa waliotoka Kivu baada ya Goma kuanguka Januari 2025 na Bukavu Februari, picha hiyo pengine ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba nyumba ilikuwa yao na mtoto alimaliza darasa.

Ukiwaambia watu haya, jibu linakuja upesi: sisi tuna siri gani? Jibu hilo linasikika Katuba, linasikika Ruashi, hata kwa watu waliosoma. Lakini mwizi wa parsele hatafuti siri. Anatafuta jina, namba na sahihi, na vyote vitatu viko kwenye ile picha. Katika mji ambao parsele moja inaweza kuuzwa kwa watu wawili au watatu, kuacha karatasi hizo wazi ni kumrahisishia kazi. Na kwa aliyekimbia kikundi chenye silaha, kadi ya kazi ya mumewe au orodha ya ndugu waliobaki kijijini inaweza kumdhuru mtu asiye na habari kabisa.

Wapo walioelewa, lakini wakachagua vibaya. Vijana wengi wana programu ya bure iliyojivika sura ya kikokotoo: unaandika namba, picha zinatokea. Inapendeza, ila nyingi za namna hiyo zinaficha tu. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba programu moja iliyojulikana sana duniani, NQ Vault, ilikuwa ikivuruga baiti 128 za mwanzo za kila faili, tena kwa njia nyepesi sana, na kuacha sehemu yote iliyobaki ilivyo. Ni kama kufunga bahasha kwa mate na kuandika juu yake “siri”. Kufunga kwa kweli, ambako wataalamu wanaita kusimba, ni kuigeuza faili yote iwe vurugu isiyosomeka na yeyote asiye na neno la siri, hata aliyeitengeneza programu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu ipi ina sura nzuri, familia iulize kwanza kama watu wengine wameweza kuikagua ndani. Halafu iulize kama inafanya kazi bila intaneti. Swali hili la pili si la kinadharia: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini na ikarudi baada ya siku kama ishirini. Aliyeweka makaratasi yake mahali panapofunguka kwa mega peke yake alikaa bila makaratasi.

Kwa familia ya kawaida yenye faili kumi au ishirini, 7-Zip inatosha. Ni ya bure, ni ndogo, ipo tangu 1999, na inafunga kwa AES, mfumo uliobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa na serikali ya Marekani mwaka 2001. Ila ichaguliwe aina ya 7z, siyo zip, kwa sababu ufungaji wa zamani wa zip udhaifu wake unajulikana tangu 1994. Pia ichaguliwe kuficha majina ya faili; jina “parsele ya Kampemba” peke yake linasema mengi.

Mwenye vitu vingi na kompyuta yake mwenyewe achukue VeraCrypt. Inatengeneza kama sanduku ndani ya flashi, na mwaka 2016 ilikaguliwa na wataalamu wa nje, makosa yakatangazwa hadharani na mengi yakarekebishwa. Ilirithi kazi ya TrueCrypt, ambayo waundaji wake waliiacha ghafla Mei 2014. Lakini kwenye mashini ya watu inadai ruhusa ya mwenye mashini, hivyo kwa anayetegemea kibanda haifai sana. Cryptomator ya Wajerumani ni nzuri kwa anayehifadhi kwenye mtandao. Kwenye simu za Android inauzwa.

Simu yenyewe? Zilizotoka na Android 10, yaani kuanzia 2019, hata zile za bei ndogo, zinafunga kumbukumbu yake zenyewe. Kazi hiyo yote inaharibiwa na kodi ya 1234. Na kadi memori haimo: kwa kawaida inasomeka kwenye simu yoyote itakayowekwa.

Wazee wana pingamizi moja zito, nalo lisidharauliwe. Wanasema mama atasahau neno la siri na kila kitu kitapotea. Ni kweli: hakuna ofisi, wala fundi wa mtaani, atakayefungua. Programu inayojigamba kwamba inaweza kukurudishia kila kitu bila neno lako, maana yake kuna mtu mwingine mwenye ufunguo. Dawa ni neno la siri refu lenye maana kwa familia peke yake: maneno sita yasiyohusiana, ya Kibemba, Kiluba au Kisanga, siyo methali wala wimbo ambao kila mtu anaujua. Walijue watu wawili, mmoja akae mbali, Likasi au Kolwezi. Flashi nazo ziwe mbili, nyumba mbili tofauti. Kisha faili ifunguliwe kwenye mashini nyingine kabla zile zilizo wazi hazijafutwa, na baba asitoke kibandani mpaka kijana afute nakala yake mbele ya macho, hata kwenye kapu la takataka la mashini.

Yabaki mashirika na ofisi zinazoandikisha wakimbizi wa ndani, ambazo zinaomba picha ya kadi kwa WhatsApp kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye hifadhi ya habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengana na familia zao kwa vita na maafa. Ilisema wazi. Ikiwa shirika hilo liliweza kuvunjiwa mlango, simu ya mwandikishaji aliyeketi chini ya mti ni nini? Kongo ina sheria ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu. Mama anayeombwa kadi ana haki ya kuuliza, kabla ya kuitoa: picha hii inakaa wapi, nani ana ufunguo, na itafutwa siku gani?