Riba Inayofuata Bei ya Mahindi

Hivi majuzi nilikwenda Matete, Kaunti ya Kakamega, kumjulia hali mwalimu aliyenifundisha hesabu. Amestaafu, na kiinua mgongo chake kimo benki. Kabla sijamaliza chai aliniuliza: "Mwanangu, nikiikopesha serikali fedha hizi, siku nitakayorudishiwa zitaninunulia magunia mangapi ya mahindi?"

Swali hilo lilinikumbusha M-Akiba. Mnamo Machi 2017 serikali ya Kenya iliwauzia wananchi hati za dhamana kwa njia ya simu, kuanzia Sh3,000, za muda wa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka isiyotozwa kodi. Aliyeweka Sh100,000 alistahili Sh5,000 kila miezi sita, bei zipande zishuke. Kufikia Mei mwaka huo huo ukame ulikuwa umeadimisha mahindi, na mfumko wa bei ukafika asilimia 11.7. Mwenye hati alilipwa riba yake, lakini sokoni alikuwa akirudi nyuma. Ni kweli bei zilitulia baadaye, na aliyesubiri hadi mwisho alifaidika. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa bahati yake wala si ahadi ya mkopaji. Wenye akiba wa mwaka 1993, mfumko ulipokaribia asilimia 46, hawakuipata bahati hiyo.

Upo utaratibu mwingine. Tangu 1998 Marekani huwauzia raia wake hati za akiba ambazo riba yake ina sehemu mbili. Ya kwanza haibadiliki maisha yote ya hati. Ya pili hupangwa upya kila Mei na Novemba kwa kufuata jinsi bei zilivyokwenda. Tuseme sehemu ya kudumu ni asilimia 2 kwa mwaka, na bei zimepanda kwa asilimia 4 katika nusu mwaka. Sh100,000 zitazaa Sh5,040: elfu moja ya kudumu, elfu nne za mfumko, na arubaini za kuzidishana kwa viwango hivyo viwili. Riba hailipwi mkononi bali huongezwa kwenye mtaji, hivyo nusu ya pili huhesabiwa juu ya Sh105,040. Bei zikipanda kwa asilimia 1 tu, riba hushuka hadi Sh2,111 hivi. Bei zenyewe zikishuka, sehemu ya pili huweza kuimeza ya kwanza, kama ilivyokuwa Mei 2009 riba ilipotangazwa kuwa sufuri. Lakini mtaji haupunguzwi. Mei 2022 riba hiyo ilifika asilimia 9.62.

Nilimweleza pia kwamba mnamo 1780 jimbo la Massachusetts liliwapa askari wake hati ambazo thamani yake ilifungwa kwenye bei ya mahindi, nyama ya ng'ombe, sufu na ngozi. Akacheka. "Kumbe walikuwa wakulima kama sisi!"

Wakuu wa Hazina huenda wakasema kwamba hati kama hizo zitaigharimu serikali sana mwaka wa njaa. Sipingi. Lakini gharama hiyo haiepukiki. Swali ni nani aibebe. Katika hati ya riba isiyobadilika huibeba mstaafu, ambaye hapangi kodi wala haamui mahindi ya kigeni yaingizwe lini. Naona afadhali aibebe anayeamua. Hata hivyo tusidanganyane: kipimo cha mfumko ni wastani wa nchi nzima, na unga una uzito mkubwa zaidi katika nyumba ya Matete kuliko katika wastani huo.

Mwalimu hajaamua. Karatasi ya hesabu zetu ameikunja ndani ya kitabu chake cha benki. Asema mavuno yakiingia atazigawanya upya kwa bei ya gunia.