Acheni kuita siasa sarakasi

Fungua gazeti wiki yoyote, utakutana na neno sarakasi mara mbili tatu na hakuna hata mtu mmoja aliyeruka. Bunge likivurugika, ni sarakasi. Madiwani wakirushiana viti, sarakasi. Chama kikifanya mchujo na karatasi za kura zikapotea njiani, hiyo sasa ni sarakasi kamili. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo mara kibao na sikuona makosa. Halafu nikaalikwa Kiriaini kusaidia wanafunzi na mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na siku hizi nikilisikia neno hilo redioni naguna.

Kwa wasiopajua, Kiriaini iko Mathioya, kaunti ya Murang'a, juu kule kwenye mashamba ya majani chai, ukipanda kuelekea Othaya na Nyeri. Asubuhi ukungu, jioni baridi ya kuvaa soksi mbili. Ni kwetu. Nilitoka nikaenda chuo, chuo kikanishinda mwaka wa pili (karo, na mengine ambayo si ya leo), kwa hivyo nilishtuka wanafunzi waliponipigia simu mimi niliyeacha masomo, eti niwaangalilie skripti.

Wazo lao lilikuwa poa. Hema la sarakasi limefika sokoni. Mwenye hema ni mheshimiwa, wapambe wake ni wachekeshaji wenye pua nyekundu, na mwananchi ndiye anayetembea juu ya kamba huku wakimtikisia. Shida ilianza onyesho la pili, ambapo skripti ilisema tu: "Wanaruka sarakasi." Maneno mawili. Tulidhani tutayamaliza kwa dakika kumi.

Siku hiyo tulijaribu piramidi ya watu sita. Kijana wa chini katikati alikuwa amepinda mgongo, msichana wa mwaka wa kwanza akapanda, akamkanyaga katikati ya uti wa mgongo, na wote wakaporomoka. Sakafu ya ukumbi ni simiti tupu. Msichana aliteguka kifundo cha mkono. Alicheka kwanza, ndipo akalia. Nilimpeleka zahanati nikiwaza kitu kimoja tu: nitamwambia nini mamake?

Jumamosi iliyofuata tukamtafuta mtu anayeijua kazi. Ni jamaa anayezunguka shule za msingi za huku na wenzake wawili. Kama ulisomea shule ya umma Kenya, unawakumbuka hawa watu. Ijumaa mchana mnaambiwa mje na shilingi kumi. Wanakuja na redio kubwa, chupa nne za soda, viti vya mbao na kiduara cha chuma. Chupa zinapangwa juu ya meza, kiti juu ya chupa, kiti juu ya kiti, na mtu anasimama kwa mikono huko juu kabisa. Kisha kiduara kinawashwa kwa mafuta taa na wanapita katikati ya moto. Wiki nzima inayofuata, mwalimu wa zamu anachapa watoto kwa kujaribu hayo nyuma ya vyoo.

Huyu jamaa alitukalisha saa mbili bila mtu kuruka. Tulipiga magoti tu. Mkono uwe wima chini ya bega, goti chini ya nyonga, mgongo bapa kama meza. Anayepanda anaweka goti juu ya nyonga au karibu na mabega ya mwenzake, kamwe asiguse katikati. Kushuka kuna utaratibu, wa juu ndiye anaanza. Na pembeni lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kudaka. Haigizi, hapigi makofi, haangalii simu. Yeye ni macho na mikono tu.

"Kwa hii kazi ukidanganya, mtu anavunjika shingo," alituambia. "Kwa siasa ukidanganya unapandishwa cheo."

Tukaanza kusoma. Sarakasi tunayoiona kwenye filamu, ya mduara na mwenye koti jekundu, ilianzia London mwaka wa 1768 na askari wa farasi aliyeitwa Philip Astley. Aligundua kwamba farasi akikimbia kwa mzunguko, nguvu inayomsukuma mpandaji nje inamsaidia kusimama wima juu ya mgongo wa farasi. Mduara ukaja kutulia kwenye mita 13 hivi, na kipimo hicho bado kinatumika. Wetu tuliuchora kwa chaki, mita tano, kwa sababu ukumbi ndio huo. Mwanafunzi mmoja akauliza kama kuna mtu mweusi aliyewahi kumiliki hema. Yupo: Pablo Fanque, mzaliwa wa Norwich, alizunguka Uingereza na sarakasi yake mwenyewe miaka ya 1840. Hilo lilinyamazisha ukumbi kidogo.

Na msidhani ni mambo ya wazungu. Wakamba wameruka pindu kwenye ngoma zao kabla ya hema lolote kufika huku. Ng'ambo ile ya Mlima Kenya, wapiga ngoma wa Chuka hubana ngoma ndefu katikati ya miguu na kucheza nayo, jaribu uone. Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanza 2001, na ukumbi wao pale Ngara ulikuwa sinema ya Shan. Majirani zetu Watanzania, wale Ramadhani Brothers wanaobebana kichwa juu ya kichwa, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League mwaka wa 2024. Wote tulisambaza video hiyo tukijivunia Afrika Mashariki.

Lakini yule jamaa wa chupa na viti hana bima. Akiteguka, anajilipia. Anasema kuna shule zinazobaki na nusu ya zile shilingi kumi. Na bajeti ya mchezo wetu ilikuwa na mavazi, rangi ya uso na nauli ya basi. Godoro halikuwemo, na mimi niliipitia bajeti hiyo kwa macho yangu nikaona iko sawa. Tunaona ni vurugu tu, na nani hununulia vurugu godoro? Hapo ndipo nalilaumu hilo neno.

Nawaelewa wazazi. Shosho mmoja jirani aliniuliza, "Hiyo ni mchezo ya watu hawana shamba?" Mtu anachuma majani chai kilo kwa kilo alipe karo, halafu anasikia mtoto anafundishwa kupandwa mgongoni. Ila watoto wataruka tu, nyuma ya vyoo au jukwaani. Kazi ya wakubwa ni kuhakikisha kuna kitu laini chini na mtu wa kudaka.

Skripti imebadilika. Mheshimiwa sasa anajiunga na piramidi, anataka kuwa juu. Anaambiwa aanze chini kama wengine, anakataa, na hakuna piramidi. Tulibishana wiki nzima kama watu watacheka. Mimi bado sina uhakika.

Magodoro tunayo manne, ya kuazima kutoka hosteli, na lazima yarudishwe kabla ya saa moja jioni kwa sababu wenyewe wanayalalia. Kiingilio ni shilingi hamsini, na ishirini kati ya hizo tumekubaliana ni za godoro letu na malipo ya mwalimu wetu. Yule msichana amerudi, mkono umepona. Tulimwambia nafasi yake ya juu bado ipo. Akasema hapana, yeye atadaka.