Nge na Wanawe Darasani: Rai Juu ya Kufundisha kwa Viumbe Hai

Kila mwaka sisi wakufunzi wa sayansi huwahimiza wanachuo wetu wafundishe kwa vitu halisi, si kwa maneno matupu. Shauri hilo ni jema, wala sina nia ya kulipinga. Lakini liko jambo ambalo hatulisisitizi vya kutosha: kiumbe hai aletwapo darasani si zana kama chati au ubao. Yeye ni amana mikononi mwa mwalimu, na mwalimu akiivunja amana hiyo, hata somo lenyewe huharibika. Nililijua hilo kwa kosa langu mwenyewe, nami naona heri nilieleze kuliko kulificha.

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukisafisha shamba la chuo, wanachuo wangu walimkuta nge jike chini ya gogo bovu. Alikuwa mkubwa, mwenye magando mapana na tumbo lililotuna. Tukamweka katika sanduku la kioo. Katika mazungumzo ilidhihirika kwamba wengi darasani waliamini kuwa nge hazai ila kwa kupasuka mgongo, na kwamba watoto humla mama yao. Sikubishana nao. Niliwaambia tungoje tuone.

Usiku mmoja akazaa. Asubuhi tulimkuta yu mzima, amewabeba mgongoni watoto weupe, laini, waliosongamana kama punje za mchele. Imani ya miaka mingi ikaanguka bila mwalimu kutamka neno. Kwa furaha hiyo nikakosea: niliruhusu kila kikundi kifunue sanduku, kiinue kigae alichojifichia nge, kihesabu na kuchora. Siku ya tatu hesabu ilipungua. Siku ya nne tulimwona mama akimtafuna mwanawe.

Mwanachuo mmoja akauliza: "Mwalimu, kumbe si watoto wanaomla mama, bali ni mama anayewala watoto?" Swali hilo lilinichoma. Tulikuwa tumeing'oa imani moja ya uongo na kupanda nyingine mahali pake. Nge aliyesumbuliwa mno, au aliyekosa maji, aweza kuwala wanawe. Tuliyoyaona hayakuwa desturi yake ya kila siku, bali matokeo ya mikono yetu. Ndiyo sababu nasema kwamba utunzaji si huruma tu inayoongezwa juu ya somo, bali ni sehemu ya mbinu yenyewe ya kisayansi. Mnyama anayetunzwa vibaya hutoa ushahidi wa uongo.

Mwaka uliofuata tulipata nge mwingine mwenye mimba, tukabadili utaratibu. Kila nge na akae peke yake. Sandukuni tuliweka udongo wenye unyevu kidogo, kigae cha kujifichia, na kifuniko kifupi cha chupa chenye maji na vijiwe, ili mtoto akianguka asizame. Tuliliweka mahali pasipo jua wala kelele, tukakifunika kioo kwa karatasi nyeusi yenye dirisha dogo. Mwanachuo mmoja tu kwa zamu alichungulia na kuandika alichokiona. Hakuna aliyefungua sanduku isipokuwa mimi, na hiyo ni kwa kuongeza maji tu.

Daftari la zamu lilitufunza mengi kuliko mihadhara yangu. Nge hatagi mayai. Huzaa watoto hai, nao hupanda mgongoni kwa kupitia miguu ya mama yao. Huko hawanyonyi wala hawali, bali huishi kwa akiba waliyozaliwa nayo. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwalisha wala kuwagusa. Kwa aina nyingi, baada ya wiki moja hadi mbili hivi, hujivua ngozi kwa mara ya kwanza. Kisha rangi hukolea, ngozi hukaza, nao huanza kushuka mmoja mmoja. Hapo ndipo huhitaji wadudu wadogo sana, na hapo pia ndipo yafaa watengwe na mama yao na wao kwa wao, kwani wakibanana waweza kulana.

Utaratibu huu si mgeni. Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuhamia Sérignan mwaka 1879, alifuga nge akawaangalia walivyowabeba wana wao. Chombo chake kikuu kilikuwa subira, nayo hainunuliwi dukani.

Wenzangu wawili wamenihoji: kwa nini nge, na kuku yupo na vifaranga vyake? Nawajibu kwamba malezi ya kuku kila mtoto ameyaona uani kwao. Nge ndiye anayewalazimisha wanachuo kuchagua kati ya walilosikia na waliloliona. Hata hivyo, hoja yao kuhusu hatari naikubali kabisa. Nge mwenye magando membamba na mkia mnene kwa kawaida ndiye mwenye sumu kali zaidi, lakini mwalimu asiitegemee kanuni hiyo kuwajaribia watoto wa watu. Sumu humdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mzima. Kwa hiyo sipendekezi kamwe kufuga nge katika shule ya msingi. Kazi hii ni ya chuoni, chini ya mkufunzi, katika sanduku lenye kufuli. Na aumwaye na nge apelekwe zahanati bila kukawia, asichanjwe wala kufyonzwa jeraha.

Tulipomaliza, tulimrudisha mama na wanawe porini, karibu na pale tulipomtoa, mbali na nyumba. Mwanachuo aliyeniuliza lile swali alikuwa ameshahitimu. Yamkini yu mahali fulani akifundisha kwamba nge huwala wanawe, kwa kuwa aliliona kwa macho yake katika darasa langu. Deni hilo sina namna ya kulilipa, ila kwa kuwaomba ninyi wenzangu: kabla ya kumwambia mwanafunzi "tazama", hakikisheni kwanza kwamba kinachotazamwa kimeachwa kiishi kama kilivyo.