Mto Si Mali ya Hoteli

Picha zinazouza hoteli za mashambani Ufaransa zinafanana kama mapacha. Utaona jengo la mawe, baraza yenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, mierebi iliyoinamia maji, na nyuma ya yote hayo mto: Dordogne, Lot, Saône, Yonne au Loire. Chumba chenye dirisha linaloangalia maji hugharimu zaidi, na kile cha nyuma, kinachoangalia maegesho ya magari, huachiwa wabanaji matumizi. Anayezitazama picha hizo hudhani, na si kosa lake, kwamba anachouziwa ni mto. Ukweli ni kwamba mwenye hoteli hana mto wa kuuza. Na ninaamini hoteli hizo zimedumu na mvuto wao kwa sababu hiyohiyo: siku zitakaporuhusiwa kuuzungushia mto uzio, zitakuwa zimefukuza kile kilichowaleta wageni.

Tuanze na mita tatu na robo. Mito mikubwa ya Ufaransa ni mali ya umma, na sheria inamtaka kila mwenye ardhi inayopakana nayo aache ukanda wa mita 3.25 kando ya maji, bila ukuta, bila uzio, bila kupanda miti, ili watu wapite kwa miguu. Ardhi inabaki yake na hati inabaki yake, lakini hawezi kumzuia mpita njia. Tarakimu yenyewe inachekesha kidogo, maana hakuna mbunge wa leo ambaye angeketi na kutunga mita 3.25. Asili yake ni amri ya mwaka 1669 kuhusu maji na misitu, kazi ya Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV. Amri ile ilidai futi 24 za njia upande ambao farasi walikokotea mashua, na futi 10 upande wa pili. Futi ya kifalme ilikuwa ndefu kuliko ya Waingereza, kama sentimita 32 na nusu. Izidishe kwa 10 upate mita 3.25, izidishe kwa 24 upate mita 7.80, ambazo nazo bado zimo katika sheria za leo. Kipimo kilichokatwa kwa ajili ya kwato za farasi kimezika ufalme uliokitunga, kikapita katikati ya mapinduzi, kikawazika akina Napoleon wawili, na sasa kinaishi kwa raha katika jamhuri ya tano.

Farasi wenyewe walikwisha zamani. Reli ilifika Orléans mwaka 1843 na Tours mwaka 1846, na ndani ya miaka michache mashua zilizobeba divai, chumvi na mbao kwenye Loire zikakosa mzigo. Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Ilikuwa rahisi kusema kwamba sababu ya njia imekwisha, kwa hiyo kila mtu arudishiwe ukingo wake. Ufaransa ikafanya kinyume, polepole na bila makelele. Njia ya farasi ikafunguliwa kwa wavuvi wa ndoano, na mwaka 2006 sheria ya maji ikaifungua kwa yeyote atembeaye kwa miguu. Katikati ya safari hiyo kuna mwaka 1936, ambao bila huo hoteli ya mtoni tunayoijua isingekuwepo. Mwezi Juni mwaka ule serikali ya Léon Blum iliwapa wafanyakazi wote wiki mbili za likizo yenye malipo, na Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na burudani serikalini, akawapatia tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40. Fundi wa kiwandani ambaye maisha yake yote alikuwa na Jumapili tu, na Jumapili hiyo akiimalizia kwenye vilabu vya dansi kando ya mto Marne, karibu na Paris, sasa aliweza kwenda mbali zaidi na baiskeli yake. Wiki hizo mbili zimekuwa tano tangu mwaka 1982. Wenye nyumba za kulala wageni kando ya mito hawakumchagua mteja huyo. Aliletwa mlangoni na sheria ya likizo, akapitishwa mbele ya baraza na sheria ya njia.

Utajiri wa hoteli hizi umetokana na wapita njia, na jikoni ndiko ushahidi unakoonekana wazi. Kule Illhaeusern, kijiji cha Alsace kando ya mto Ill, familia ya Haeberlin ilikuwa na mgahawa wa kijijini uliojulikana kwa mchuzi wa samaki wa mtoni waliopikwa kwa divai. Mwaka 1967 mgahawa huo ulipata nyota tatu za Michelin na kukaa nazo hadi mwaka 2019. Kule Vonnas, kando ya kijito cha Veyle, familia ya Blanc imekuwa ikiendesha nyumba yake ya wageni tangu mwaka 1872. Nyota ya tatu iliingia mwaka 1981 na kuondoka mwaka 2025. Mpishi Paul Bocuse alipikia Collonges, ukingoni mwa Saône, hadi alipofariki mwaka 2018. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza kwa kuwajengea matajiri maficho. Walianza kwa kumlisha aliyefika na njaa, na sifa ikaja kwa sababu kila mtu aliweza kufika. Hata chapa ya Michelin yenyewe ni ya kiwanda cha matairi, kilichotoa kitabu chake mwaka 1900 ili watu wasafiri zaidi na mipira iishe haraka. Leo nafasi ya msafiri mwenye njaa imeshikwa na waendesha baiskeli. Njia ya baiskeli ya Loire ina urefu wa kama kilomita 900 hadi baharini, na hoteli nyingi zilizokuwa zikisinzia sasa zina banda la kufungia baiskeli na chumba cha kuanikia nguo zilizolowa.

Kuna sababu ya pili inayonifanya niseme mto si mali ya hoteli, nayo inahusu fedha. Mto hufurika. Loire ilifurika vibaya mwaka 1846, ikarudia mwaka 1856, ikarudia tena mwaka 1866, na alama za kimo cha maji bado zinaonekana kwenye kuta za miji yake, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima. Tangu mwaka 1995 sheria inaitaka serikali ichore ramani za hatari ya mafuriko, na ndani ya maeneo yaliyotiwa rangi nzito ni vigumu mno kupata kibali cha kujenga upya. Ndiyo maana hoteli ya mtoni huwa jengo kuukuu, kinu cha zamani au nyumba ya wasafiri wa farasi, na ndiyo maana bonde halijajaa majengo ya ghorofa saba. Anayesifia utulivu wa mandhari anasifia kibali kilichokataliwa. Na maji yakiingia mapokezini, nani analipa? Chini ya utaratibu uliowekwa mwaka 1982, kila mwenye bima ya nyumba Ufaransa huongezewa kiasi kilekile cha asilimia kwa ajili ya majanga ya asili, awe anaishi bondeni au juu ya kilima. Nyongeza hiyo ilikuwa asilimia 12, na tangu tarehe 1 Januari 2025 ni asilimia 20. Mjane anayeishi kwenye ghorofa la nne mjini, mahali ambapo mto hautafika hata siku ya kiama, anachangia kukausha zulia la hoteli. Akitaka kupita mbele ya baraza ya hoteli hiyo kwa miguu, sioni kwa msingi gani atazuiwa.

Wapo watakaonikumbusha kwamba si kila mto ni wa umma. Ni kweli. Kwenye vijito na mito midogo isiyo ya dola, mwenye ardhi anamiliki kitanda cha mto hadi katikati, na jirani wa ng'ambo anamiliki nusu iliyobaki. Haki ya mita 3.25 haifiki huko, na hoteli nyingi zilizofunguliwa katika vinu vya zamani ziko kwenye mito ya namna hiyo. Hapo hoja yangu inapungua nguvu, nami nakubali. Lakini haifi kabisa, kwa sababu hata huko sheria ya mazingira inaruhusu vyombo visivyo na injini kupita, mradi vifuate kanuni na kuheshimu haki za wenye kingo. Mwenye hoteli anamiliki mchanga ulio chini ya mtumbwi bila kumiliki safari ya mtumbwi. Na mgeni anayechagua kijito kilichozungukwa na ukuta ajue kwamba fedha zake zinalipia ukuta. Ni bidhaa halali. Kuna watu wanaoihitaji, hasa maarufu wanaokimbia kamera, lakini isiitwe mto.

Pingamizi la faragha ni zito zaidi. Mtu amelipa fedha nzuri ili apumzike; kwa nini kifungua kinywa chake kitazamwe na mvuvi mwenye viatu vya mpira? Ningejibu kwamba faragha hotelini ina mahali pake: chumbani, bustanini, kwenye bwawa la kuogelea. Ukingo ni kitu kingine. Mto usio na mtu yeyote ni maji yanayopita tu. Unakuwa mto wa mashambani pale anapopita mzee na mbwa wake, watoto wenye ndoano, msichana anayesukuma baiskeli iliyopata pancha. Mwenye hoteli hawalipi watu hao hata senti, ilhali wamo katika kila picha anayoitumia kutangaza. Wala nisieleweke kwamba Ufaransa ni peponi. Haki ya njia inahusu pia maziwa ya umma, na kwenye ziwa Annecy migogoro kati ya wenye majumba ya kifahari na watembea kwa miguu imedumu miaka mingi. Ua wa miti hukua kimyakimya, lango hufungwa "kwa muda", kibao cha mbwa mkali hutundikwa hata kama mbwa hayupo. Wenye mali hawahangaiki hivyo kuteka ukanda usio na thamani.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza yanamhusu nini haya, wakati viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na kabla ya kuipata lazima aonyeshe atalala wapi. Yanamhusu kwa sababu kingo zipo hata kwake. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Mita 60 ni nyingi kuliko zile tatu na robo, lakini kifungu hicho kinazungumza na mjenzi na kinalinda mazingira. Hakizungumzi na mtembezi. Ukanda wa Kifaransa ni mwembamba, ila umeandikwa kwa ajili ya mtu wa miguu, na mtu huyo anapoutumia kila siku anakuwa mlinzi wake asiyelipwa.

Kwa yule atakayekwenda kweli, ushauri wangu unahusu ramani kuliko picha. Kabla ya kulipia chumba, aitazame hoteli kwenye ramani ya kina na kukagua kati ya jengo na maji. Akiona hakuna kitu, asogeze kidole hadi hoteli inayofuata. Akiona mstari mwembamba wa njia ukipita mbele ya baraza, achukue chumba cha ghorofa ya juu, kwa ajili ya mandhari na kwa ajili ya mwaka 1856, na asilipie bwawa.