Rubani Si wa Angani Pekee

Malenga wetu wamemsifu nahodha hadi wino ukawakauka. Rubani wa bandari hawamtaji. Wengine hudai jina hilo ni la ndege. La hasha! Neno hilo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilikuwa la bahari karne nyingi kabla ya ndege kuruka mwaka 1903.

Tazameni nje ya mlango wa Kilindini, Mombasa: boti huambaa ubavuni mwa meli, vyombo vyote viwili vikienda, naye rubani hudaka ngazi ya kamba. Akiteleza, huenda akasagwa katikati. Akifika juu, nahodha mgeni humsikiliza, kwani mwamba na mkondo wa hapa aujuaye ni mwenyeji.

Enyi mnaoililia lugha, mbona mwaacha neno hili lizame, macho yenu yako mawinguni?