Windows 10 imestaafu, laptopu yako bado ina nguvu

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ni lile lile katika ofisi ndogondogo za hapa Hurlingham: tununue laptopu mpya ama tufanyeje? Ukifuata barabara ya Argwings Kodhek utazipita ofisi za aina hiyo: kliniki za meno, maabara, maduka ya dawa, mawakili, wahasibu. Si ajabu kukuta pale mapokezi mashine ya ex-UK, HP EliteBook 840 G3 kwa mfano, iliyonunuliwa mjini na inayofanya kazi vizuri tu. Kioo kizima, kibodi nzima, diski ya SSD. Kasoro yake ni moja: prosesa yake ni ya Intel kizazi cha 6, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha 8 (wachache sana wa kizazi cha 7 waliruhusiwa). Pia inataka TPM 2.0.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: mashine kama hiyo usiitupe, na usiiache na Windows 10 isiyopata marekebisho. Iwekee Linux. Lakini usiiwekee kila mashine ya ofisi, na usifanye hivyo Jumatatu asubuhi wagonjwa wakiwa kwenye foleni.

Kwanza tuelewane kuhusu maana ya "kustaafu". Windows 10 haikuzimika siku ile. Inawaka, inachapisha, inafungua barua pepe. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure. Kila tundu jipya linalogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, na wahalifu wanajua kuwa litabaki wazi. Tukumbuke WannaCry ya Mei 2017. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia, zikiwemo hospitali za Uingereza, ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimekipata. Hiyo ndiyo hali ambayo mashine ya Windows 10 inaingia kwa hiari ya mwenyewe.

Najua njia za mkato zilizopo. Ya halali ni ule mpango wa Microsoft wa kuongeza muda. Kwa mtu binafsi ulipangwa kwa mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 ama bure kwa masharti ya akaunti ya Microsoft. Kwa biashara bei ilitangazwa kuwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha inaongezeka maradufu kila mwaka, miaka mitatu basi. Hiyo ni kununua muda tu. Njia ya pili ni kumwambia fundi ailazimishe Windows 11 iingie kwenye mashine isiyofaa. Inawezekana, ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata marekebisho, kwa hiyo unarudi pale pale. Ya tatu ni Windows ya wizi pamoja na kile kiprogramu cha "kuiamsha", ambacho mara nyingi hukuomba uzime antivirusi kwanza. Ndugu msomaji, mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani, wewe utamfungulia lango?

Kwa kliniki jambo hili si la mafundi peke yao. Kwenye ile laptopu ya mapokezi kuna majina ya watu, namba zao za simu, na magonjwa yao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya biashara, ile iliyo ndogo. Hata tukiiweka faini kando, mgonjwa aliyeaminia ofisi yako matokeo ya vipimo vyake hakukubali yalale kwenye mashine yenye mlango wazi.

Wengine wakisikia Linux wanaona kitu kigeni cha watu wa kompyuta. Wanaitumia kila siku. Kiini cha Android kwenye simu zao ni Linux. Mfumo wa KenyaEMR, unaotunza rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo chimbuko lake linahusiana sana na AMPATH kule Eldoret. Na Kiswahili chetu hakikuachwa nyuma: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Programu huria iko nyumbani hapa kwa zaidi ya miaka 20.

Sasa upande wa pili, maana sipendi mahubiri. Kuna kazi ambazo Linux itakuangusha. QuickBooks ya kuweka kwenye mashine haina toleo la Linux. Photoshop vilevile. Fomu ya ritani inayopakuliwa kutoka iTax hutumia makro. Usingoje tarehe 30 Juni usiku ndipo ujue kama makro hizo zinakubali kwenye LibreOffice. Kisoma alama za vidole, printa ya risiti, mashine ya eksirei: kila kimoja kina programu yake, na mtengenezaji wake huenda aliikumbuka Windows tu. Kwa hiyo ofisi ya mashine tano huenda ikabaki na moja ama mbili za Windows 11 kwa mhasibu na vifaa hivyo, na zile tatu zikahama. Huko si kushindwa. Ni kununua laptopu mbili badala ya tano.

Namna ya kuhama ni hii. Chukua daftari na uandike kwa wiki nzima kila kitu ambacho kila mtu anafanya kwenye mashine yake. Utashangaa jinsi mambo mengi ni ya kivinjari tu: eCitizen, barua pepe, benki. Kisha nakili data zote kwenye diski ya nje, na uifungue diski hiyo kwenye mashine nyingine kuhakikisha zimo kweli. Weka Linux Mint 22 kwenye flashi (imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata marekebisho hadi 2029) na uiwashe mashine kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Jaribu waifai, printa, sauti, kamera. Kikikataa kimoja, umekijua kabla ya kuharibu lolote. Yote yakikubali, sakinisha kwenye mashine moja, na hapo hapo chagua kusimba diski nzima kwa nywila, ili laptopu ikiibwa kwenye matatu mwizi apate chuma na si faili za wagonjwa. Kaeni nayo mwezi mmoja kabla ya kugusa ya pili.

Na nani ataitengeneza ikisumbua? Hilo ndilo pingamizi lenye uzito zaidi. Luthuli Avenue utapata fundi wa Windows kila mlango. Wa Linux utamtafuta. Jiji la Munich lilihamisha mashine zake zipatazo 15,000 kwenda Linux, likamaliza 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Somo ninalolichukua ni kwamba mfumo usio na watu wanaouunga mkono ofisini hauishi muda mrefu, hata ukiwa mzuri. Kwa hiyo kabla ya kuhama, mteue mtu mmoja hapo ofisini, si lazima awe mtaalamu, ajifunze kusasisha, kunakili data na kuongeza printa. Mlipe kwa muda wake. Bado itakuwa rahisi kuliko laptopu tatu mpya.

Mashine yako haijazeeka kwa sababu Microsoft imeamua hivyo. Ila data za watu zilizomo ndani yake hazitasubiri uamue. Anza na lile daftari, wiki hii.