UZITO WA MWILI NA UZITO WA GUNIA



Wazee wetu waliostaafu kazi ya kupakia na kupakua mizigo, wanaokaa hapa Mtopanga na mitaa ya jirani ya Kisauni, wana malalamiko mamoja: magoti yauma, kiuno kimekaza, na kuinuka kitini ni mpaka washikwe mkono. Wakienda kwa daktari huambiwa, "Mzee, punguza mwili." Wengine hukasirika. Husema, mwili huu ndio uliobeba magunia ya nchi hii, na leo ndio unaolaumiwa!

Maoni yetu ni kwamba daktari asema kweli, na mzee naye asema kweli.

Tuanze na la daktari. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani waliopima wazee wenye magoti mabovu walitangaza kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Basi aliyepungua kilo 5 amelitua goti lake kilo 20 kila akanyagapo. Kitambi nacho huvuta uti wa mgongo mbele, na kiuno hulipa.

Sababu yake si siri. Mpakizi alikula sima ya kushiba kwa kuwa jasho lilikimaliza chakula chote. Alipostaafu, kazi ilikwisha lakini sahani ilibaki ile ile, na mahamri na chai ya sukari vikamfuata barazani.

Sasa la mzee. Gunia la mahindi lilikuwa kilo 90. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia lilizidi kwa kilo 35! Mgongo wa namna hiyo haukuharibiwa na mahamri peke yake. Kwa hiyo tajiri asikifanye kitambi cha mtu kuwa hoja ya kumnyima haki yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumwumiza. Na sheria ya fidia ya mwaka huo huo yataka dai la ajali lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Nyinyi mlio kazini, mkiumia mgongo msinyamaze mkingoja kustaafu. Mwambieni msimamizi siku hiyo hiyo, iandikwe, na mwakilishi wa chama ajue.

Nanyi wazee wetu, msilale kitandani mchana kutwa. Kiungo kisichotumika hukaza zaidi. Punguzeni sukari na mafuta. Tembeeni asubuhi kabla ya jua kali. Pwani ya Bamburi haiko mbali, na ndani ya maji goti halibebi mwili wote. Tena jihadharini na vidonge vya maumivu vya kununua dukani kila siku, kwani huumiza tumbo na figo.

Mzigo ulio mwilini tuutue wenyewe. Mzigo ulio mabegani tumtake tajiri autue, na hilo halifanywi na mtu mmoja.

Umoja ni nguvu.